Mfumo wa kusajili kozi za hiari: mwepesi kusajilia, mgumu kuchagulia

Nimeutumia mfumo wa usajili wa kozi kwa mihula mitano, nikisomea shahada ya Sosholojia ya miaka mitatu katika chuo kikuu kimoja cha umma jijini Dar es Salaam ambacho sitakitaja, na tathmini hii inahusu ukurasa mmoja tu wa mfumo huo, yaani ule wa kozi za hiari. Kozi za lazima hazina mjadala, kwa kuwa ukiingia kwa namba yako ya usajili unazikuta zimekwisha kuwekewa alama ya vema.

Kwa kazi ya kusajili, mfumo unastahili sifa. Unafunguka hata kwenye simu ya bei nafuu yenye bando dogo, unajumlisha krediti wenyewe na kukuzuia ukipunguza au ukizidisha, na uthibitisho unaupata papo hapo. Waliotutangulia, waliokuwa wakizungusha fomu za karatasi ofisi hadi ofisi wakitafuta mihuri, wangetuonea wivu.

Shida ni pale mwanafunzi anapotaka kuchagua. Ukurasa unaonyesha msimbo, jina la kozi na krediti, basi. Haumwambii kozi inafundisha nini, ni nani anayeifundisha, kipindi kiko siku gani, wala kama kuna kozi unayopaswa kuwa umeisoma kabla. Hata hiyo namba ya krediti haifafanuliwi. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mihadhara, semina na kujisomea vikiwemo, kwa hiyo kozi ya krediti 12 inadai saa 120, ambazo katika muhula wa wiki 15 ni saa nane kila wiki. Sikuwahi kuelezwa hilo nilipokuwa mwaka wa kwanza; nilidhani 12 ni namba ya kujazia tu.

Yaliyonipata mwaka wa pili yanatosha kuonyesha upungufu huo. Nilisajili Demografia kwa sababu jina lilinivutia, na ratiba ilipobandikwa kwenye ubao wa idara wiki ya tatu nikakuta kipindi chake ni Jumatano saa nne asubuhi, saa ile ile ya Mbinu za Utafiti, ambayo ni ya lazima. Dirisha la usajili lilikuwa limefungwa Ijumaa iliyotangulia. Ilinibidi nijaze fomu ya kuacha na kuongeza kozi, nipate saini za wahadhiri wawili na ya mkuu wa idara, na kwa kuwa mhadhiri mmoja alikuwa safarini, kazi hiyo ilinichukua siku nne. Nilipohamia Isimujamii, kazi ya kwanza ya kikundi, yenye alama 10 kati ya 40 za muhula, ilikuwa imekwisha kukusanywa. Nakiri kwamba ningeweza kuulizia ratiba mapema, lakini mfumo unaojua kuhesabu krediti zangu ulipaswa pia kujua kwamba mtu hawezi kukaa katika kumbi mbili kwa wakati mmoja.

Msaada niliukosa ofisini nikaupata kwenye duka la steshenari karibu na geti. Mwenye duka anahifadhi muhtasari wa karibu kila kozi katika majalada yaliyoandikwa kwa kalamu nene, pamoja na madesa, yaani nakala za maelezo ya mihadhara, na mitihani ya miaka iliyopita, na anatoa kopi kwa shilingi 100 kwa ukurasa. Nilipomtajia kozi ya takwimu niliyokuwa naifikiria, alivuta mtihani mmoja, akaufungua ukurasa wa pili na kuniuliza, "Mdogo wangu, hesabu za hivi unaziweza?" Sikuziweza.

Wengi huingia kwenye ukurasa wa kozi za hiari wakiwinda alama ya A. Siwalaumu, ila hesabu yake ni vizuri ijulikane: katika mwaka wa krediti 120, kupanda kutoka B+ hadi A kwenye kozi ya krediti 12 kunaongeza GPA, yaani wastani wa alama, ya mwaka huo kwa 0.1. Kwa mtu mwenye 3.4 anayeitafuta 3.5 ya daraja la pili la juu hilo si dogo, lakini likisambazwa kwenye krediti 360 za shahada nzima linabaki kama 0.03, na kwa faida hiyo kuna wenzangu waliovumilia muhula mzima kozi wasiyoipenda.

Usajili naupa nyota nne kati ya tano. Kuchagua, nyota moja. Muhula wa sita nimebakiwa na nafasi ya kozi moja ya hiari. Dirisha halijafunguliwa bado, lakini muhtasari wa kurasa 12 ninao, umenigharimu shilingi 1,200, na ratiba ya mwaka jana nimeipiga picha ubaoni kabla haijabanduliwa.