Opereta za utafutaji: nafasi moja tupu iliyoniharibia siku mjini Moshi

Ningependa kuzisifu opereta za utafutaji, yaani alama na amri fupi unazoongeza kwenye maneno unayotafuta mtandaoni ili kuchuja matokeo, bila masharti, kwa sababu kwa mkulima mdogo wa kahawa wa Kibosho kama mimi zinafanya kazi ambayo hakuna ofisi iliyowahi kunifanyia. Ukiandika kahawa na Moshi tu, unamiminiwa ziara za watalii wa kijiji cha Materuni, ukurasa baada ya ukurasa, ilhali unachotaka ni njia ya kuzuia chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda mabichi mtini. Ukiweka jina la kitaalamu la kuvu inayouleta ndani ya alama za kunukuu ili litafutwe kama lilivyo, "Colletotrichum kahawae", kisha ukaongeza site:ac.tz (tovuti za vyuo vya Tanzania tu) na filetype:pdf (faili za PDF tu), watalii wanatoweka na unabaki na maandiko ya vyuo vikuu vyetu.

Maagizo hayo niliyaandika kwenye karatasi nikayapeleka katika duka moja la steshenari, si mbali na stendi, kwa kuwa simu yangu ilikuwa mbovu na nilihitaji nakala za kuchapishwa. Kijana wa hapo aliitazama karatasi kama mtu aliyepewa hirizi, akaanza kuandika huku akiendelea kuongea na simu, na baada ya kila nukta mbili akaweka nafasi. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, hapo hapatakiwi nafasi. Hayo yanashikana." Hakugeuka hata kichwa. "Mzee, hii ni kompyuta, siyo daftari la ushirika." Wateja wengine wakacheka.

Alichokataa kukisikia ni kitu kidogo mno: amri hizi hufanya kazi pale tu zinapogusana na neno linalofuata. Alama ya kutoa nayo ni hivyo hivyo; ukiibandika mbele ya neno, yaani -utalii, inaziondoa kurasa zenye neno hilo, ila ukiitenga haina tena kazi. Yeye alinichapishia rundo la karatasi, za juu kabisa zikiwa bei za kupanda Kilimanjaro, akadai fedha ya kila ukurasa, na nilipogoma akaniuliza kama nadhani wino unachotwa Mto Karanga. Nililipa, kwa sababu foleni nyuma yangu ilianza kuguna.

Nilikusudia kuishia hapo, lawama zote zikiwa za duka lile, lakini kadiri ninavyoandika ndivyo hasira inavyohamia kwingine. Kijana yule ni mjeuri, hilo halina mjadala, ila ni nani aliyemfichia kosa lake? Injini ya utafutaji ilipokea agizo lililovunjika, ikanyamaza, ikajaza skrini kana kwamba imetii. Tena baadaye, nilipopata simu nyingine na kutafuta ndani ya alama za kunukuu sentensi nzima ya Kiswahili kuhusu chulebuni, ilinitangazia kwamba haikuipata, kisha papo hapo chini yake ikanimwagia matokeo ya maneno yale yale bila alama nilizoziweka kwa makusudi, na Materuni ikiwa miongoni mwao!

Kwa hiyo sifa niliyoanza nayo naipunguza. Kwa majina ya Kilatini ya wataalamu opereta hizi zinafaa sana, na site:go.tz kwa nyaraka za Serikali siiachi. Kwa Kiswahili cha mkulima zinafaa nusu, labda chini ya nusu. Duka lile silipendekezi hata kwa fotokopi ya kitambulisho.