Stone Soup: jarida linaloandikwa na watoto wenyewe

Jarida la Stone Soup lilianzishwa mwaka 1973 huko Santa Cruz, California, na William Rubel na Gerry Mandel, waliokuwa bado wanafunzi wa chuo kikuu, na hadi leo hadithi, mashairi, uhakiki wa vitabu na michoro inayochapishwa humo ni kazi za watoto wasiozidi miaka 14. Jina lake, yaani supu ya jiwe, limetokana na ngano ya Ulaya ya wasafiri wenye njaa waliobandika jiwe chunguni, wanakijiji wakaja kuchungulia, huyu akatia karoti, yule kabichi, mwishowe wote wakashiba.

Nililipia toleo la mtandaoni kwa ajili ya binti yangu wa miaka 11, na sijutii. Ninachokithamini zaidi ni kwamba jarida hili halimdekezi mtoto: wahariri huchagua, na humtaka mwandishi aanzie kwenye yale aliyoyaona na kuyapitia mwenyewe. Sisi tuliofundishwa kufungua insha kwa "Hapo zamani za kale" na kuifunga kwa methali, hata kama methali yenyewe haihusiani na kisa, tunapata humo mwalimu mwingine kabisa. Hadithi ya mtoto anayehama nyumba, au anayeuguliwa na babu yake, huachwa iishie pale ilipoishia, bila mtu mzima kuibandika funzo.

Mashairi hayalingani kwa ubora. Mengi ni mafupi, hayana vina wala mizani, na msomaji aliyezoea tarbia atahitaji muda kuyakubali. Sehemu iliyonigusa hasa ni uhakiki wa vitabu. Shuleni kwetu, mtoto akiambiwa aeleze kitabu alichosoma, hutoa muhtasari na kuorodhesha wahusika. Humu mhakiki wa miaka 12 husema wazi ni wapi kitabu kilimshika na kwa nini, akirejea tukio fulani kama ushahidi. Huo ni uhakiki hasa, si majibu ya mtihani.

Mzazi ajue kwamba lugha yake ni Kiingereza na malipo ni kwa dola. Mazingira nayo ni ya Marekani kwa sehemu kubwa, na ilinibidi nieleze zaidi ya mara moja theluji inavyoanguka. Kwa mtoto wa darasa la tano na kuendelea anayesoma Kiingereza bila shida, ninalipendekeza kwa moyo wote. Kwa mdogo zaidi, ni bora msome pamoja, mkitafsiriana.

Wiki iliyopita binti yangu alichana karatasi ya katikati ya daftari lake la hesabu, akaandika kwa Kiswahili uhakiki wa kitabu chake cha Sungura na Fisi: "Fisi amedanganywa mara tatu na hakuna aliyemhurumia, kwa hiyo mimi sikucheka mahali ambapo mwandishi alitaka nicheke."