Datsun 240Z ya Safari kwa kipimo cha 1/24: boksi la Japani, rangi ya Kisekka

Nimelimaliza juzi, gari dogo la plastiki la kuunganisha kipande kwa kipande. Gari lenyewe lina urefu wa sentimita 17 na ushei, limenichukua miezi mitano, na limekula pesa ambayo mke wangu anaijua nusu yake tu. Naandika haya kwa sababu kabla ya kuagiza nilitafuta sana mtu wa huku kwetu aliyewahi kulijenga, nisimpate.

Ndani ya boksi kuna Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally ya 1971, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, ile nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11, ya dereva Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller. Kampuni ni ya Japani. Jina lake naliacha makusudi, maana nina malalamiko yangu na sikuwapa nafasi ya kujibu.

Ukweli ni kwamba gari la Herrmann silo nililolitaka. Nililitaka la Shekhar Mehta. Huyu alizaliwa hapa Uganda mwaka 1945, na katika Safari hiyohiyo ya 1971 alimaliza wa pili nyuma ya Herrmann, naye akiwa ndani ya 240Z. Mwaka uliofuata Amin akawapa Waasia siku 90, na Mehta akahamia Kenya. Mwaka 1973 akarudi na 240Z nyingine. Yeye na Harry Källström, naye wa Datsun, wakamaliza wakiwa sawa kabisa kwa alama za adhabu, na kanuni ya kuvunja sare ikampa Mehta ushindi. Baadaye akashinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Watu wangapi Kampala wanalijua hilo? Jirani yangu ana stika ya Subaru kwenye friji, lakini hakuwahi kulisikia jina la Mehta.

Kwa hiyo mpango ulikuwa kununua la 1971 na kuligeuza la 1973. Yasome maoni yangu ukilijua hilo. Ukitaka la Herrmann tu, kazi yako itakuwa nusu ya yangu.

Boksi lilipitia kwa wakala wa mizigo. Aliniambia wiki tatu, likaja wiki ya saba, kona moja imebonyea kama limekaliwa. Fremu za vipande zilikuwa salama, ila kioo cha dirisha la dereva kilipasuka katikati. Nilipolalamika nikajibiwa kwamba mzigo umefika. Kweli, umefika. Kioo nilikikata kutoka kwenye ile plastiki angavu inayowekwa ndani ya kola ya shati jipya, na leo hata mimi mwenyewe hunichukua muda kukumbuka ni dirisha lipi.

Plastiki yenyewe ni nzuri sana. Mistari ya milango ni myembamba na mikavu, haina manyoya pembeni, na paa halina hata shimo moja la kuzibia. Nilipima kwa vernia nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Gari la kweli lina milimita 2,305, na ukigawa kwa 24 unapata 96. Nikapata 96. Nilipima mara tatu kwa furaha tu.

Lakini kimo kimewashinda. Ukiliunganisha kama karatasi ya maelekezo inavyosema, limekaa chini kama gari la bwana harusi. Gari la Safari lilipita kwenye makorongo na matope, likanyanyuliwa ili tumbo lisigonge mawe. Kwa kipimo hiki milimita moja ni sentimita 2.4 za kweli, basi nikaweka vipande vya plastiki vya milimita mbili juu ya ekseli zote, yaani karibu sentimita tano. Palepale likabadilika sura. Kama hutafanya jambo jingine lolote nililolitaja humu, fanya hilo. Lingine ni mikanda ya viti: hawakuweka kabisa, kwenye gari la mashindano! Yangu ni utepe mwembamba, na vifungo ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Sasa rangi. Mtu wa Uganda alijue hili mapema: makopo ya kupuliza hayaji kwa ndege kama mzigo wa kawaida. Yana gesi iliyoshindiliwa na yanashika moto, kwa hiyo yanahesabiwa bidhaa hatari. Nilikaa wiki mbili nikitafuta njia ya kuyaleta kwa meli, hadi siku moja nikiwa Kisekka, soko la spea za magari hapa Kampala, kutafuta taa ya nyuma ya gari langu nikasimama mbele ya kibanda cha kuchanganya rangi za magari. Nikajiona mjinga. Mji mzima unapakwa rangi hapa, mimi nahangaika na Yokohama.

Kibanda ni cha mzee mmoja mwenye vidole vya rangi zote. Nikamwambia nataka nyekundu ya Datsun.

"Ya mwaka gani?"

"Ya 1973, mzee."

"Liko wapi nilione?"

Nikalitoa mfukoni, limefungwa kwenye soksi. Vijana wa spea wakacheka hadi mwingine akakaa chini. Mzee hakucheka. Alilishika kwa kitambaa, akalizungusha, akasema, "Hili hata nikikupa kijiko kimoja, kitabaki." Cha chini anachouza ni robo lita, shilingi 18,000. Nimebakiwa na rangi ya kupaka 240Z hadi wajukuu.

Nyekundu ipi ilikuwa shughuli. Nissan, wenye jina la Datsun, bado wanalitunza gari la 1971, lakini picha zake zinatofautiana: katika moja ni kama nyanya, katika nyingine kama tofali. Nikamweleza mzee kwamba kitu kidogo kikipakwa rangi ileile ya kitu kikubwa huonekana kimekolea zaidi, hivyo nahitaji nyeupe kidogo ndani. Nilidhani nitamfundisha. Akasema ndiyo maana kibao cha sampuli humdanganya mteja kila siku, akadondosha nyeupe matone manne, akapaka mgongo wa kijiko, akatoka nacho juani, akarudi akaongeza tone la tano.

Kosa lililofuata ni langu peke yangu. Thina ya magari ni kali, inakula plastiki hii. Mzee alinionya nianze na praima, nikaweka praima nyembamba kwa haraka kwa sababu umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, nami nilitaka kompresa iwahi. Nikapuliza nyekundu tabaka nene. Dakika kumi baadaye paa lilikuwa limepasukapasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Nililaza bodi nzima kwenye mafuta ya breki usiku kucha, rangi ikabanduka, nikalainisha paa kwa msasa wa maji namba 1000 kisha 2000, nikaanza upya. Safari hii praima matabaka mawili, siku mbili za kukauka, kisha nyekundu kama vumbi, unapuliza na kuondoa mkono, unasubiri, unapuliza tena. Mara saba. Imetoka kama kioo, na nathubutu kusema rangi hii inashikilia vizuri kuliko zile za hobi za makopo nilizowahi kutumia kwa modeli nyingine.

Stika za maji, zile unazolowesha kwanza ndipo unazilaza kwenye bodi, ni hadithi tofauti. Zilizomo kwenye boksi ni safi, zinalala hadi ndani ya mistari ya milango, lakini ni za Herrmann. Majina ya Mehta na msoma ramani wake Lofty Drews, pamoja na namba ya mlangoni, ilibidi nichapishe mwenyewe. Nikaagiza karatasi maalumu ya stika hizo, nikaenda Nasser Road. Pale wanachapisha kila kitu chini ya jua, kuanzia kadi za harusi hadi mabango ya wagombea. Kijana akaniapia kwamba mashine yake ni ya leza. Haikuwa. Nilipotumbukiza namba ya kwanza kwenye maji, wino ukaachia kama majani ya chai, nikabaki na kipande cheupe mkononi. Duka la tatu ndilo lililokuwa na leza kweli. Tatizo lingine ni kwamba printa hizi hazina wino mweupe. Dawa yake ni kupaka duara jeupe mlangoni kwa kutumia tepu iliyokatwa, kisha kulaza juu yake namba nyeusi iliyochapwa kwenye karatasi angavu. Hapa sikutosheka: ukisogea karibu, ukingo wa karatasi unaonekana. Sehemu hii ya kazi kwa sasa Kampala haitufikishi.

Vumbi, je? Wanauza vumbi la chupa, la Japani au Ulaya, kwa bei ya kilo mbili za nyama. Mimi nilichota udongo mwekundu kando ya barabara ya Mukono, nikauanika, nikausaga, nikauchuja kwenye soksi ya kike mara mbili. Bila kuchuja haufai kitu, maana punje ya nusu milimita kwenye modeli hii ni jiwe la zaidi ya sentimita moja. Nikaupaka kwa brashi kavu nyuma ya magurudumu, chini ya milango na kwenye pembe za kioo ambako waipa haifiki. Hakuna chupa itakayokupa rangi hiyo. Ni udongo wenyewe.

Hesabu: boksi na usafiri vimenitoka kama 190,000, rangi na praima 35,000, Nasser Road 40,000 pamoja na nilizopoteza. Boksi nalipa nyota nne kati ya tano, nyota moja ikienda na kimo na mikanda. Kwa anayeanza, naona lina vipande vidogo mno. Aanze na gari la kawaida la barabarani.

Jumamosi nililipeleka Kisekka, safari hii ndani ya kopo la biskuti lenye pamba. Mzee akalichukua, akalinusa, sijui kwa nini, akalipeleka juani. Akalitazama kitambo.

"Boneti mbona inang'aa?"

Nikamwambia nililipiga vanishi gari zima.

"Sasa wameipaka nyeusi ya nini, kijana? Si ili jua lisimrudie dereva machoni?"

Nilisimama pale na kopo langu. Picha zote nilizonazo, miezi mitano, na sikuwa nimejiuliza hilo. Akanipimia nyeusi isiyong'aa kwenye kifuniko cha soda, hakunidai. Leo usiku, umeme ukiwepo, naifunika nyekundu yote kwa tepu na kuipaka boneti upya.