Kamusi inayoeleza asili ya maneno ya Kiingereza: nilivyoipima Etymonline kwa maneno ya unyumbufu

Mfasiri anayegeuza maandishi ya Kiingereza kuwa Kiswahili huonja mara kwa mara upungufu wa aina moja: kamusi ya lugha mbili humpa "-nyumbufu" kwa neno "flexible", kisha humpa "-nyumbufu" hilohilo, au "laini", kwa "pliable", "supple", "lithe" na "elastic", kana kwamba Waingereza waliyarundika maneno hayo kwa ajili ya pambo tu. Nilipokabidhiwa kijitabu cha mazoezi ya viungo ambacho mwandishi wake alitumia "flexible", "supple", "lithe" na "limber" katika aya moja, niliziweka kando kamusi za maana nikafungua kamusi ya asili za maneno, Online Etymology Dictionary, ambayo wengi huiita Etymonline. Tathmini hii inahusu namna ilivyonihudumia katika ukoo huo mmoja wa maneno.

Kamusi hii ni kazi ya Mmarekani Douglas Harper, wa Pennsylvania, ambaye alikusanya na kulinganisha yale yaliyomo katika kamusi kubwa zilizomtangulia. Kuisoma hakuhitaji malipo wala kujisajili. Kila neno hutanguliwa na mwaka au karne ya maandishi ya zamani zaidi yaliyosalia yenye neno hilo, kisha msomaji huongozwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka Kifaransa cha kale hadi Kilatini au Kigiriki, na mara nyingi hadi kwenye mzizi ulioandikwa kwa alama ya nyota. Nyota hiyo isipuuzwe, kwa kuwa maana yake ni kwamba mzizi huo umekisiwa na wanaisimu kwa kulinganisha lugha ndugu, na hakuna andiko lolote la kale lililopatikana likiwa nao.

"Flexible" liliingia katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 15, na asili yake ni kitenzi cha Kilatini "flectere", yaani kupinda. "Pliable" limetoka kwenye "plicare", yaani kukunja, na hapa kamusi inaanza kulipa fadhila, kwa sababu ukifuata viungo vyake unagundua kwamba koleo ambayo mafundi wetu huiita plaizi, na mbao za tabaka tabaka wanazoziita plaiwudi, zote zimebeba mkunjo huohuo wa Kilatini. Kupinda na kukunja si kitu kimoja. Fimbo hupindwa, nguo hukunjwa. Na Mswahili aliyesema samaki mkunje angali mbichi alikuwa akilisema jambo ambalo Mwingereza hulisema kwa "pliable" anapozungumzia akili ya mtoto.

Nilikaa muda mrefu zaidi kwenye "supple". Neno hili, lililoandikwa katika Kiingereza tangu karibu mwaka 1300, limepitia Kifaransa likitokea kwenye "supplex" la Kilatini, ambalo lilimtaja mtu anayepiga magoti akiomba rehema. Wataalamu huvutana juu ya kipande chake cha pili, wengine wakikihusisha na kukunja na wengine na kutuliza hasira, lakini picha ya mtu aliyeinama inabaki. Hivyo wepesi wa viungo, ambao leo ni sifa ya mcheza dansi, ulianza kama unyenyekevu wa mwombaji. Jirani yake ni "buxom", neno ambalo siku hizi humsifu mwanamke aliyejazia kifua, ilhali katika karne ya 12 lilimaanisha mnyenyekevu na mtiifu, kwa kuwa liliundwa kutoka kwenye kitenzi cha Kiingereza cha kale cha kuinama. Mjerumani bado ana ndugu yake, "biegsam", na kwake bado ni kitu kinachopindika. Katika ibada ya ndoa iliyotumika Uingereza kabla ya mageuzi ya dini ya karne ya 16, bibi harusi aliahidi kuwa "buxum" kitandani na mezani, na anayelisoma neno hilo kwa maana ya leo atacheka mahali ambapo hapakuwa na kichekesho.

"Elastic" lina safari ya aina nyingine. Lilibuniwa na wanasayansi katika miaka ya 1650, kwa kutumia malighafi ya Kigiriki, ili kueleza tabia ya gesi ya kutanuka yenyewe, na halikuhusu mpira hata kidogo. Ni enzi ileile ambayo Robert Boyle alichapisha majaribio yake kuhusu hewa, mwaka 1660. Lastiki ya kiunoni tunayoijua sisi imekuja baadaye sana. "Malleable" halihitaji maelezo marefu: ni chuma kinachokubali nyundo ya mhunzi, maana "malleus" ni nyundo.

Neno lililobadilisha kazi yangu ni "resilient". Tumezoea kulifasiri kuwa "-stahimilivu", na sitetei kulibadilisha, lakini picha mbili hizo hazifanani. Kilatini "resilire" ni kuruka na kurudi nyuma, kama mpira uliogonga ukuta. Stahimili yetu ina mzizi wa Kiarabu wa kubeba, mzizi uleule uliotupa hamali. Mwingereza anamwona mtu aliyeangushwa akainuka, nasi tunamwona mtu aliyebeba mzigo asiutue. Katika sentensi inayohusu misuli inayorudi katika hali yake baada ya kuvutwa, "stahimilivu" ingepotosha, na bila kamusi hii nisingeliona kosa hilo.

Yapo ambayo msomaji asiyatafute humo. Maana za leo hutolewa kwa ufupi mno, matamshi si kazi yake, na mifano kamili ya sentensi za kila karne, ambayo ndiyo fahari ya kamusi kubwa ya Oxford, hapa ni michache. Anayejifunza Kiingereza kwa mara ya kwanza aanze na kamusi ya kawaida. Pia ipo hatari ambayo ni ya msomaji mwenyewe: kulewa asili hadi kuisahau maana, kama vile kumwandika mcheza dansi kuwa mnyenyekevu kwa sababu tu "supplex" alipiga magoti.

Katika kijitabu changu, "flexible" lilibaki "-nyumbufu". "Supple" nililiandika "-ororo", kwa kuwa lilihusu ngozi na misuli. Kwa "lithe" kamusi ilinionyesha neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya upole na utulivu, ambalo Waingereza wa kale waliyaitia majira ya Juni na Julai, na ambalo lina undugu na "lentus" la Kilatini, yaani kitu kinachopindika na pia cha polepole. Nikaandika "mwenye viungo vyepesi, asiye na papara", na mhariri akakubali. Kwa "limber" haikunisaidia sana, kwani inasema wazi kwamba neno hilo la miaka ya 1560 halina asili ya uhakika, ila huenda linahusiana na neno la kiungo cha mwili au la kulegea. Nilipomsomea sentensi ya kijitabu yenye neno hilo kocha mmoja wa timu ya mtaani kwetu, hakuhitaji Kilatini. Alisema huyo ni mtu aliyekwisha kupasha, na ndivyo ilivyochapishwa.