Boila mbili, nyumba mbili Leicester: nilicholipa na kilichokuwamo ndani ya bei

Mara ya kwanza kufungiwa boila, ile mashine ya gesi inayochemsha maji na kupasha nyumba joto, nililipa paundi 2,300, mara ya pili paundi 2,480. Ukizitazama namba hizo juu juu utaona ya kwanza ndiyo nafuu. Ile ya kwanza ilikuja kunifikisha paundi 3,500, na kuna cheti chake ambacho mpaka leo sina. Ya pili iliishia pale pale ilipoandikwa. Naeleza zote mbili kwa sababu kila tukikutana kwenye harusi au hitima hapa Leicester lazima kuna ndugu atakayeniuliza, "Boila bei gani siku hizi?" na mimi namjibu kwa swali: ndani ya hiyo bei umewekewa nini?

Niseme kwanza hali yangu. Tuna nyumba mbili, zote za matofali mekundu zilizobanana kwenye mstari mmoja na za jirani, kama zilivyo nyingi mjini humu. Moja tunaishi wenyewe. Nyingine, ndogo zaidi, ndiyo tuliyoanzia maisha na sasa tumeipangisha. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za jambo hili: mwenye nyumba anayeoga maji ya boila yake, na mwenye nyumba anayepigiwa simu usiku.

Tunayoishi ilikuwa na mfumo wa zamani: tangi la maji baridi darini, silinda kubwa ya shaba kabatini, na boila nzee jikoni. Mei 2021 tukaamua kuviondoa vyote tuweke kombi, ile inayochemsha maji papo hapo unapofungua bomba. Nikapata makadirio matatu: paundi 3,800, paundi 3,450 na paundi 2,300. Wawili wa kwanza walikuja nyumbani, wakapanda darini, wakahesabu rejeta (vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto kupasha vyumba), wakafuata bomba la gesi kuanzia mita hadi jikoni. Wa tatu hakufika. Alitaka picha tatu kwa WhatsApp, akanitumia bei kabla sijamaliza chai. Nikamchukua huyo. Tulikuwa tumebana matumizi, na paundi elfu moja na zaidi si kitu cha kuachia hivi hivi.

Alifanya kazi siku moja tu, akaondoka saa moja jioni. Maji yalikuwa ya moto, nyumba ikapata joto, tukafurahi.

Miezi kumi na minne baadaye maji ya kuogea yakaanza kucheza. Yanakuwa moto, yanapoa, yanarudi moto ukiwa na sabuni machoni. Nikapiga simu kiwandani nikijua nina waranti ya miaka mitano. Nikaambiwa boila yenye namba hiyo haijawahi kusajiliwa. Fundi wao hata hivyo alikuja. Akafungua vali chini ya boila, akakinga maji kwenye kopo jeupe la mtindi alilolikuta jikoni. Yalitoka meusi ti, kama wino wa ngisi. Alinyoosha kopo kunionyesha bila kusema neno. Ule ni uchafu wa chuma: rejeta za zamani zinaliwa na kutu ndani kwa ndani miaka mingi, na mashapo yake yanazunguka na maji. Boila za zamani zilikuwa na njia pana, ziliyavumilia. Kombi za sasa zina kibadilisha joto, pale moto wa gesi unapopasha maji, chenye vijia vyembamba mno, yakiingia humo yanaziba. Waranti za viwanda zinataka mfumo uoshwe kabla boila mpya haijafungwa. Wangu haukuoshwa. Ombi langu likakataliwa, na kwa haki.

Kisha akachomeka kipimo cha presha ya gesi, akaniambia nifungue maji ya moto jikoni. Presha ikaporomoka mbele ya macho yangu. Kombi inapochemsha maji inakula gesi nyingi kuliko boila ya zamani, na kanuni ni kwamba toka mita mpaka kwenye boila usipoteze zaidi ya milibari 1. Bomba letu lilikuwa la milimita 15, refu, lenye kona nyingi. Wale mafundi wawili wa mwanzo walikuwa wameandika bomba la milimita 22 kwenye makadirio yao, na mimi nilidhani wananiongezea bei.

Hesabu ya kurekebisha ikawa hivi: kuja kupima paundi 90, kibadilisha joto kipya pamoja na kazi paundi 280, kuosha mfumo mzima na kufunga chujio la sumaku la kunasa uchafu wa chuma paundi 520, kubadilisha bomba la gesi paundi 310. Jumla paundi 1,200. Jumlisha na 2,300 zangu za mwanzo, unapata 3,500. Yule wa 3,450 angenifanyia yote hayo tangu siku ya kwanza. Na cheti? Boila ikifungwa Uingereza (yaani England) na Wales, fundi aliyesajiliwa anatakiwa kuitolea taarifa kupitia Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, ndani ya siku 30, halmashauri ijue, nawe utumiwe cheti cha kanuni za ujenzi. Hakikuja. Siku tukitaka kuuza, wakili wa mnunuzi atakiuliza.

Januari 2023 ikafika zamu ya nyumba ya kupangisha. Mpangaji wetu ni mama wa Bukavu, ana watoto wawili, mdogo alikuwa bado ananyonya. Saa tatu usiku simu: "Papa, mashine ya maji moto imekufa. Inavuja chini, na mtoto anatetemeka." Nikamwomba radhi, nikamwambia aizime kabisa. Usiku ule ule nilimpelekea hita mbili za umeme, na nikakata kwenye kodi yake gharama ya umeme wa siku zile. Hilo la mwisho hakuniomba, ila baridi ile haikuwa kosa lake.

Mwenye nyumba mwenzangu, hapa sheria haikuachii nafasi ya kusema nitaangalia mwezi ujao. Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 1985, kifungu cha 11, inakubebesha wewe matengenezo ya mitambo ya joto na maji ya moto. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinataka kila kifaa cha gesi kikaguliwe kila mwaka na fundi wa Gas Safe, mpangaji apate nakala ya ukaguzi ndani ya siku 28, na wewe uitunze miaka miwili. Tangu Oktoba 2022, huku Uingereza, lazima pia kuwe na kengele ya kaboni monoksidi katika kila chumba cha kuishi chenye boila au kifaa kingine cha kudumu kinachounguza kitu, jiko la kupikia la gesi pekee ndilo limeachwa. Ile gesi haina harufu wala rangi, inaua watu wakiwa usingizini. Kengele ni kama paundi 20. Mimi niliiweka kabla hata ya kuulizwa, na nakuomba nawe uweke nyumbani kwako unapoishi, hata kama sheria haikulazimishi.

Boila ile ilikuwa na miaka kumi na saba, kibadilisha joto chake kikuu kimepasuka. Makadirio matatu tena. Moja paundi 1,650, kwa simu, na safari hii nilimshukuru nikakata. La kampuni kubwa paundi 3,150, na muuzaji wao alinisukumia boila ya kilowati 35 kwenye nyumba yenye bafu moja na rejeta nane. La tatu la fundi wa mtaani, mtu wa makamo, aliyeanza kwa kunipa kadi yake ya Gas Safe kabla sijaiomba. Akaniambia, "Igeuze nyuma." Nyuma ndipo palipoandikwa kazi anazoruhusiwa. Si kila mwenye kadi anaruhusiwa boila, wengine ni majiko tu. Namba yake niliihakiki kwenye tovuti yao pale pale mlangoni.

Karatasi yake ilisomeka hivi, na VAT ya asilimia 20 ikiwa ndani yake: boila ya kombi kilowati 28 na bomba lake la kutolea moshi paundi 1,090. Themostati janja (kidhibiti joto la nyumba) paundi 160. Chujio la sumaku na dawa ya kuzuia kutu paundi 130. Kuosha mfumo paundi 280. Bomba la gesi la milimita 22 paundi 240. Kazi, kuondoa boila kuukuu na usajili wote paundi 580. Jumla 2,480. Tazama vizuri: boila yenyewe haifiki hata nusu ya fedha. Ndiyo maana ndugu akiniambia ameona boila kwenye mtandao kwa paundi 900, namwambia bado hajaona bei.

Hiyo themostati janja si mapambo. Kanuni za Boiler Plus za Aprili 2018 zinataka kila boila ya gesi inayofungwa katika nyumba za Uingereza iwe na ufanisi wa angalau asilimia 92, iwe na saa na themostati, na kombi iongezewe kitu kimoja kati ya vinne vya kubana gesi. Themostati inayojirekebisha yenyewe ni kimojawapo. Anayekupa bei bila kitu cha aina hiyo anakuuzia kazi pungufu.

Walikuja wawili, wakakaa siku moja na nusu. Siku ya kwanza hawakuigusa boila mpya hadi alasiri. Walikuwa wanaosha. Mmoja anazungusha maji kwa mashine, mwingine anapita rejeta moja baada ya nyingine akizigonga kwa nyundo ya mpira, kila moja ikitema weusi wake. Waliendelea mpaka maji yakatoka safi. Jambo jingine nililolipenda: kile kijibomba cha plastiki kinachotoa maji ya jasho la boila, yule fundi hakukipitisha nje. Alikipitishia ndani hadi kwenye bomba la sinki. Katika ile baridi ya Desemba 2022 majirani wetu wawili waliamka boila zimezima kwa sababu kijibomba chao cha nje kimeganda barafu, mmoja nilimkuta asubuhi anakimwagia maji ya vuguvugu kwa birika. Mama wa watu mwenye mtoto mchanga sikutaka apitie hayo.

Kabla ya kuondoka alijaza kitabu cha Benchmark kilichokuja na boila, kile cha kumbukumbu za ufungaji, vipimo vyote, akasaini. Waranti ya miaka kumi aliisajili mbele yangu kwa simu yake. Cheti cha kanuni za ujenzi kiliingia kwa posta.

Kwa anayetafuta makadirio ya jumla, hivi ndivyo ninavyoona kwa jamaa na majirani: kombi kwa kombi, pale pale ilipokuwa, tenga paundi 2,000 hadi 3,500. Kung'oa mfumo wa tangi na silinda uje kombi, 3,000 hadi 4,500. Ukitaka boila ihame chumba, ongeza mamia kadhaa, maana mabomba ya maji, gesi na moshi yote yanahama nayo. Pampu ya joto, inayopasha nyumba kwa umeme badala ya gesi, nayo tuliiulizia. Ina ruzuku ya serikali, sasa ni paundi 7,500 kwa Uingereza na Wales, lakini wakati ule ilikuwa 5,000, na kwa ua wetu mdogo na rejeta za zamani salio lililobaki lilitushinda. Mwenye nafasi aipigie hesabu upya.

Na kwa mwenye kupangisha: boila iliyokufa ukiweka nyingine ya aina ile ile inahesabiwa kuwa matengenezo, unaitoa kwenye mapato ya kodi ya nyumba kabla ya kukatwa ushuru. Tunza risiti.

Kila Januari yule fundi anarudi. Paundi 110 nalipa kwa vyote viwili, huduma ya boila na ukaguzi wa gesi, na bila huduma hiyo ya mwaka waranti inakufa. Mara ya mwisho nilikuwapo. Alifungua chujio, akatoa ule mshumaa wa sumaku, akaupangusa kwa kitambaa cheupe na kunipa nikione. Kulikuwa na alama ya kijivu tu, kama vumbi la penseli. Mama akamkaribisha chai ya tangawizi, mtoto aliyekuwa ananyonya sasa anakimbia sebuleni bila soksi. Tukatoka hapo tukaenda kwangu, akafungua chujio la jikoni kwetu. Kitambaa kilitoka cheusi bado.