Ziara ya pikipiki Manali–Leh: kabla hujalipa, uliza utalala wapi

Kifurushi cha Himalaya kinachouzwa sana kwa wapanda pikipiki wa Arusha na Moshi ni cha Manali hadi Leh, kaskazini mwa India. Kundi la watu kumi na kidogo, kiongozi mbele, fundi nyuma, gari la mizigo, Royal Enfield moja kwa kila dereva, halafu mzunguko wa bonde la Nubra na ziwa Pangong. Hukumu yetu tunaitoa mapema: barabara ni ya kuifuata hata kwa mkopo, pikipiki zinatosha, chakula kinapita, ila ratiba inayouzwa zaidi imepangwa vibaya. Aliyeipanga amehesabu kilomita za barabara, wakati cha kuhesabu ni mita za kitanda, yaani kimo cha mahali unapolala.

Manali iko kama mita 2,050 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza unapita Atal Tunnel, handaki la kilomita 9 lililofunguliwa Oktoba 2020, unatokea Lahaul na kulala Jispa, takriban mita 3,200. Hapo hakuna ubaya. Siku ya pili unavushwa Baralacha La ("La" ni kipito cha mlimani), karibu mita 4,900, na kulazwa kwenye mahema ya Sarchu, mita 4,290 hivi. Kwa mtu wa Moshi hesabu ni rahisi: jana umelala katikati ya Mandara na Horombo, kambi za Kilimanjaro, leo umelala juu ya Horombo kwa zaidi ya mita 500. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Hapa umerushwa 1,100 kwa usiku mmoja. Kwenye Mlima angalau miguu inakuchelewesha, pikipiki haikucheleweshi.

Ubaya wa Sarchu hauishii kwenye kimo. Imekaa kama ndani ya bakuli. Mgonjwa wa mwinuko dawa yake ya kwanza ni kuteremshwa, na kutoka Sarchu huwezi kuteremka bila kwanza kupanda: ukirudi Manali unavuka tena Baralacha La, ukiendelea Leh unakutana na Lachulung La na Tanglang La, zote juu ya mita 5,000. Kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula ni kawaida ya huko. Lakini anayeyumba akitembea kama amelewa, au anayehema na kukohoa akiwa ameketi, huyo si wa chai ya tangawizi. Apewe oksijeni na aondolewe usiku huo huo. Muulize wakala swali hili moja: mtu akizidiwa Sarchu saa nne usiku, anaondokaje? Akianza kukuhadithia uzuri wa nyota, funga simu.

Ratiba nzuri zipo, ni vile tu hazitangazwi kwa sauti. Iliyo bora inaingia kupitia Srinagar (mita 1,585), inalala Kargil (kama 2,680), inavuka Fotu La ya mita 4,108 mchana na kufika Leh, mita 3,500. Kule Leh unakaa siku mbili bila kugusa mpando, unazunguka Nubra, unalala Pangong ukiwa umeshazoea, kisha unashuka kwa njia ya Manali na Sarchu inakukuta mwenyeji. Hali ya usalama Kashmir iulizwe kwanza kabla ya kulipa. Kama ni lazima uanzie Manali, basi usiku mbili Manali na usiku mbili Jispa ndicho kiwango cha chini cha kukubali. Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, husaidia: dozi ya kinga inayotumika sana ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, baada ya kuonana na daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Itakukojoza na kukuchonyota vidole. Haigeuzi ratiba mbaya kuwa nzuri.

Pikipiki sasa. Uliza kwa maandishi kama ni Royal Enfield Himalayan ya 411 au ya 450 (ukubwa wa injini kwa cc). Ile ya 411 ina nguvu za farasi 24, tanki la lita 15 na uzito wa kilo 199. Ya 450, iliyotoka mwishoni mwa 2023, ina karibu 40, tanki la lita 17 na kilo 196. Aliyezoea Boxer ya karibu kilo 120 asijidanganye: kilo 80 za ziada utazihisi siku ya kwanza utakapoilalia kwenye kokoto na kutakiwa kuinyanyua kwa mapafu yaliyokosa hewa. Juu ya mita 5,000 hewa ni nusu na kidogo tu ya ile ya pwani, na injini inavuta hewa hiyo hiyo unayovuta wewe. Ya 411 hapo unapanda na nguvu 13 au 14. Mfumo wa injekta hupunguza mafuta yaendane na hewa. Royal Enfield Bullet kuukuu za kabureta hazina akili hiyo, huzidisha mafuta, hutoa moshi mweusi na plagi huungua masizi. Ukipewa ya kabureta kwa bei ya injekta, rudisha.

Kitu kinachokufa zaidi huko ni klachi, na muuaji ni dereva. Injini ikikosa nguvu kwenye kona ya mpando, mtu hubaki gia ya pili na kushika klachi nusu ili isizime, kona baada ya kona. Gata Loops pekee ni kona 21 za kurudi nyuma. Sahani zinachemka, zinanuka kama mpira ulioungua, mwisho injini inapiga kelele na pikipiki haiendi. Dawa ni kushuka gia ya kwanza mapema kabla ya kona, kuachia klachi yote, na kukubali mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Kiongozi mzuri hulisema hili Manali kabla ya kuwasha. Kiongozi wa kawaida hulisema wakati fundi ameshafungua kava.

Mafuta: kibao maarufu cha kituo cha Tandi kinatangaza kwamba kituo kinachofuata kiko kilomita 365 mbele. Kwa lita 15 na wastani wa kilomita 25 kwa lita kwenye mipando unapata 375. Hiyo si akiba, ni bahati. Gari la mizigo libebe lita 5 kwa kila pikipiki, kwenye madumu ya chuma yenye mpira kwenye kifuniko. Dumu la plastiki la mafuta ya kula huvimba likipanda juu na kuvujia mabegi yenu.

Upepo wa tairi unachanganya wengi. Ukijaza psi 25 Manali, kipimo kitapanda kama 3 na nusu ukifika mita 5,000 kwa sababu hewa ya nje imepungua, na baridi itakirudisha chini kama 2. Kwa hiyo usitoe upepo kileleni kwa sababu tu kipimo kimepanda. Subiri njia ibadilike. Na kama pikipiki yako ina tyubu, ambalo ndilo la kawaida kwa 411, ukitoa sana ringi italibana tyubu kwenye jiwe na kulitoboa matundu mawili pacha.

Maji ndiyo yanayoogopwa na ndiyo yenye fomula rahisi. Vijito vinavyokata barabara vinatokana na theluji inayoyeyuka, kwa hiyo saa mbili asubuhi vinafika kwenye ringi na saa tisa alasiri vinafika kwenye injini. Kundi linaloondoka Jispa saa nne limeshakosea. Simama, mtazame aliyetangulia, chagua mstari upande wa juu wa mkondo penye maji yanayochezacheza, maana yaliyotulia yana kina. Gia ya kwanza, mafuta kidogo yasiyobadilika, klachi usiiguse, macho ng'ambo, miguu kwenye vikanyagio. Wanaoanguka wengi ni waliotazama jiwe lililo mbele ya tairi. Pikipiki ikilala na injini ikameza maji, usibonyeze stata. Zima, itoe, fungua plagi, zungusha injini maji yatoke, ndipo urudishe. Ukibonyeza kwanza unaweza kupinda konrodi, na hiyo unailipa wewe. Kwa mazoezi, njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka hadi Ngare Sero ina kokoto, mchanga na makorongo ya kutosha; anayeimudu kutwa nzima bila mikono kufa ganzi atafika Leh.

Gari la mizigo likaguliwe kama unavyokagua duka la spea: sahani za klachi seti mbili au zaidi, waya za klachi na za mafuta, mikono ya breki na klachi, tyubu za inchi 21 za mbele na 17 za nyuma, viungo vya cheni, plagi, pedi za breki, pampu, mtungi wa oksijeni wenye geji inayosoma, na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Huu mtungi tunausisitiza kwa sababu mara nyingi upo kwenye picha na haupo kwenye gari.

Kulala na kula tusipoteze muda. Mahema yana vitanda na mablanketi mazito, maji ya moto huja kwa ndoo, usiku ni baridi ya Kibo. Njiani, kwenye mahema ya Pang na Bharatpur, kuna tambi za Maggi, mayai, chapati na chai ya maziwa. Mjini kuna rajma na wali, maharage yetu yaliyoongezwa viungo. Koti la manyoya ya bata la mitumba ya Memorial linafaa jioni kambini, lakini usiliendeshee: halizuii michubuko na eksozi inaliyeyusha kwa kugusa mara moja. Helmeti beba yako.

Halafu kuna majigambo ya Khardung La, kipito cha kati ya Leh na Nubra. Matangazo bado yanaiita barabara ya juu kuliko zote duniani na kibao chake kwa miaka mingi kilidai mita 5,602. Vipimo vya GPS vinatoa kama 5,359, na Umling La imeipita mbali kwa 5,790 na zaidi. Zote mbili ziko chini ya Uhuru, basi mtu wa Kilimanjaro asitozwe ziada kwa sifa hiyo.

Karatasi: viza ya India huombwa mtandaoni, leseni ya kimataifa iwe na daraja la pikipiki kubwa, kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, hasa ukiunganisha ndege Addis Ababa. Bima isome yote. Nyingi hukata pikipiki zinazozidi cc 125, na nyingine hukata kimo, kama wanavyojua wanaowahudumia wageni wa Mlima. Nubra na Pangong zinahitaji kibali maalumu kwa wageni, na wakala wa Leh ndiye hukishughulikia. Kiwe ndani ya bei. Laini ya simu ya malipo ya kabla uliyonunua Delhi itakufa ukiingia Ladakh, eneo lenye Leh, Nubra na Pangong.

Jambo ambalo matangazo hayasemi: pikipiki ya kukodi iliyosajiliwa nje ya Ladakh hairuhusiwi na vyama vya wakodishaji wa huko kuzunguka Nubra na Pangong. Kampuni makini hukubadilishia ya Leh bila malipo. Nyingine hukwambia pale pale Leh uongeze pesa. Iandikwe kwenye mkataba pamoja na orodha ya bei ya kila kinachovunjika (mkono wa klachi, saiti mira, indiketa, gadi ya injini), kwa sababu amana yako itakatwa kwa orodha hiyo. Pikipiki zikiwa mbili, makabidhiano ni mawili, na kila moja upige video ya mikwaruzo yote, namba ya usajili ionekane, kabla hujapanda.