Tangawizi ya unga ya Majengo, nimeijaribu kwenye biskuti

Wapenzi wa biskuti wa Dodoma hii inawahusu. Nimenunua tangawizi ya unga pale soko la Majengo kwa mama mmoja anayesaga viungo mwenyewe, anasema mzigo wake unatoka Same, mi nikajua maneno ya biashara tu. Aisee inawasha! Ile ya kopo niliyozoea (jina sitaji) ilikuwa kama vumbi.

Niliweka vijiko viwili vya chai kwa vikombe viwili vya unga wa ngano, mdalasini kijiko kimoja, karafuu chembe tu maana ikizidi unahisi uko kwa daktari wa meno, bekingi soda kijiko kimoja, siagi, yai na sukari guru niliyoikwangua, na hapo kwenye sukari guru ndo penye ulaini wenyewe maana inashika unyevu kuliko nyeupe. Oveni sina, nimeoka kwenye sufuria lenye mchanga, mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Zitoe zikiwa bado zinabonyea katikati, zikipoa zinakaa sawa. Mkupuo wa kwanza nilienda kupokea simu ya shangazi, na shangazi mnamjua akianza, nikarudi nimekuta matofali, watoto wakachovya kwenye chai hivyo hivyo.

Lawama moja, ina nyuzinyuzi, chekecha mwenyewe. Na kale kamfuko hakafungi vizuri, ukifika home hamishia kwenye chupa fasta. Mi Jumamosi narudi kuchukua robo.